Nukta Sifuri Tisa

Kihesa, Iringa
10 Februari 2025

Kwa Fundi Mkuu,
Karakana ya Mizani na Vipimo,
Iyunga, Mbeya.

Bwana A. Rasik,

YAH: KIFAA CHAKO KILICHONICHAFULIA JINA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni dereva wa basi la abiria kati ya Iringa na Mbeya, mwaka wa kumi na tisa sasa, na sijawahi kugonga hata kuku. Jumatatu tarehe 3, saa sita mchana, nilipuliza kipima ulevi kabla ya kuondoka stendi kama ilivyo kawaida ya kampuni yetu. Kikaandika 0.11. Kikomo cha kampuni ni 0.10. Nikanyang'anywa funguo mbele ya abiria, na mmoja alishanipa mtoto wake nimshikie apande. Alimchukua mtoto bila kuniangalia usoni.

Nyuma ya kifaa kuna stika yenye sahihi yako na maneno "KIMEHAKIKIWA NOVEMBA 2024". Kimehakikiwa na nani, na kwa kitu gani? Sikunywa. Narudia, sikunywa hata tone. Mimi ni mzee wa kanisa. Nimeapa mbele ya mchungaji na wazee wenzangu, mke wangu Bertha akiwa amenishika mkono, na bado wamenisimamisha uzee mpaka kampuni itakapoamua. Jana Jumapili nilikaa benchi la nyuma, wanakokaa wanaochelewa ibada.

Kikao cha nidhamu ni tarehe 28 Machi. Wakinikuta na hatia, kazi imekwisha, na kwa umri wangu hakuna atakayenipa usukani mwingine. Naomba maelezo kwa maandishi. Barua hii anakuletea kondakta wangu Saulo. Basi linapita mlangoni kwenu kila siku, majibu mpe yeye.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Obeid Kalinga


Iyunga, Mbeya
14 Februari 2025

Mzee Obeid Kalinga,

Shikamoo.

Kwanza, mimi si Bwana. A ni Avni. Rasik ni baba yangu, yeye yuko dukani mbele, mimi niko karakana nyuma. Babu alianza na mizani za bucha na za mazao, na hakuna mkulima wa soko hili aliyewahi kusema mizani ya kwetu imemwibia. Nakuambia hivi ili ujue sahihi hiyo haikubandikwa kwa mate.

Meneja wenu, Bwana Marcelino, alinitumia kifaa hicho kwa basi la kampuni yenu tarehe 6, nikakipima upya. Nina mtungi wa gesi iliyochanganywa na kilevi kwa kiasi kinachojulikana, na kiasi hicho kimeandikwa kwenye lebo: 0.25. Nikifungulia gesi ipite ndani ya kifaa, kifaa lazima kisome 0.25. Nilirudia mara kumi. Kilisoma 0.25 mara tisa na 0.24 mara moja. Kifaa hakina ugomvi na mtu, Mzee Obeid.

Labda ulikunywa dawa ya kikohozi? Ziko zenye spiriti. Au ulisukutua kwa dawa ya kinywa muda mfupi kabla? Ukikumbuka, niandikie, hilo linaweza kukusaidia kikaoni. Zaidi ya hapo sina la kufanya.

Avni Rasik


Kihesa
20 Februari 2025

Binti Avni,

Marahaba. Kamwene, ndivyo tunavyosalimiana Uheheni.

Sina kikohozi. Kinywa nasukutua kwa maji ya bomba na chumvi, kama alivyonifundisha mama yangu, na chumvi haijawahi kumlewesha mtu.

Sasa na wewe nijibu. Vipimo hivi vilianza kutumika kwetu mwaka 2022. Miaka miwili mizima alikamatwa dereva mmoja tu, na huyo alikuwa amelewa kweli, alipuliza huku akimwimbia meneja. Baada ya stika yako ya Novemba tumekamatwa saba. Saba, binti yangu, na wote tuko 0.11, 0.12, 0.13, hakuna aliyevuka hapo. Ina maana madereva saba tulikaa kikao tukakubaliana tuwe tunakunywa kwa kijiko?

Kuna mwenzangu Sedekia, alipata 0.13 mwezi wa kwanza. Kwa hasira akavuka barabara papo hapo mpaka yadi ya malori iliyo mkabala na stendi, shemeji yake ni mlinzi pale, akapuliza kipimo chao. Chao kinahudumiwa Dar. Kikasoma 0.10. Dakika tano hazikuisha. Aliposema habari hiyo ofisini wakamwambia ametoa pombe kwa kukimbia.

Usinipigie simu. Simu yangu hapa nyumbani inashikwa na kila mtu, na Bertha siku hizi ananiangalia kwa namna ambayo siipendi. Andika, mpe Saulo.

Obeid Kalinga


Iyunga
1 Machi 2025

Mzee Obeid,

Shikamoo. Samahani nimechelewa.

Nilikuwa nimeamua nisikujibu. Niliisoma barua yako dukani, nikaicheka, nikamsomea baba ile ya kijiko, naye akacheka. Kisha nikarudi karakana nikashindwa kufanya kazi. Dakika tano hazitoi pombe mwilini, hata mtu akikimbia mpaka Ipogolo. Nimepima kifaa chenu tena, nimepima vingine vitano, nimekagua mipira, nimebadilisha mtungi. Kila kitu kiko sawa na lebo. Sijui ninatafuta nini. Nafungua kifaa, nakifunga, nakifungua. Baba ameniuliza kama naumwa.

Naomba unisaidie kitu kimoja. Niandikie siku yako ya tarehe 3 tangu ulipoamka mpaka ulipopuliza. Kila ulichokula na kunywa, na saa zake. Usione ni kidogo ukakiacha.

Avni


Kihesa
6 Machi 2025

Binti Avni,

Kamwene sana.

Siku yenyewe hii hapa. Niliamka Tanangozi, ukweni. Nilikuwa na mapumziko ya siku mbili, nikaenda kumwona baba mkwe, mguu unamsumbua. Bertha alibaki Kihesa. Asubuhi nilikunywa chai ya rangi na viazi vitamu. Baadaye nikamsaidia mzee kazi ndogondogo za shambani. Unajua msimu huu, mvua zimekolea, mianzi inatoa, hakuna kukaa bure. Tukakaa, tukaongea. Saa tano na nusu nikapata usafiri, saa sita nilikuwa stendi. Basi, hakuna zaidi.

Nyumbani si kwema. Bertha anapika, anafua, anajibu salamu, lakini hakuna neno analoliongezea la pili. Nikimuuliza una nini, anasema hana kitu. Nimekarabati banda la kuku ambalo halikuwa na ubovu. Nimepaka rangi geti. Saa ya basi kuondoka ikifika miguu inaniwasha, natoka, nafika njia panda, narudi. Mtu aliyezoea kuamka saa kumi na moja kwenda kazini ukimkalisha kiti anaoza, binti yangu.

Zimebaki wiki tatu. Umepata nini?

Obeid Kalinga


Iyunga
17 Machi 2025

Mzee Obeid,

Nimepata. Kosa ni langu.

Jumamosi baba alipokea katoni za krispi kutoka Dar. Kila zikifika huku mifuko imefura kama imepigwa pampu, na watoto hupenda kuipasua. Mteja akauliza kama zimeharibika. Baba akamjibu anavyowajibu wote, kwamba krispi ni nzima, hewa ya Mbeya ndiyo nyepesi, mfuko uliofungwa pwani lazima uvimbe ukipanda mlimani. Nimelisikia jibu hilo tangu niko chekechea. Jumamosi nikaliacha duka na wateja wake nikakimbilia karakana kusoma lebo ya mtungi wangu yote, mpaka maandishi madogo ya chini.

Yanasema namba iliyoandikwa ni ya usawa wa bahari. Ukiwa juu, punguza. Sisi tuko mita elfu moja na mia saba. Gesi ile ile ikitoka kwenye mtungi hapa kwetu inatanuka, kilevi chake kinakuwa chembamba. Mtungi unaosema 0.25 Dar, hapa Iyunga unatoa 0.20. Mimi nikakilazimisha kila kifaa kisome 0.25. Nimevifundisha kuongopa, halafu nikarudi kuvihakiki kwa uongo ule ule, ndiyo maana kila mara vilikuwa "sawa".

Zamani tulitumia njia ya chupa. Unachanganya maji na spiriti kwa kipimo, unayapasha mpaka joto la pumzi ya mtu, unapitisha hewa. Chupa haijali mlima. Lakini inachosha, kwa hiyo Novemba nilinunua mtungi na nikajisifu kwa baba kwamba sasa napima vifaa kumi kwa saa moja. Jumapili nimeitoa chupa kabatini. Nimetengeneza 0.20 kwa uangalifu wote nilionao. Kifaa chenu kimesoma 0.25.

Vifaa thelathini na nane vimetoka hapa na kosa hilo. Mabasi, malori, viwanda vya mbao.

Kwa hiyo 0.11 yako, kwa haki, ni 0.09. Uko chini ya kikomo. Hawakupaswa kukunyang'anya funguo.

Sasa lile jingine, na naliandika kwa taabu kwa sababu wewe ni sawa na baba yangu. Kifaa kinazidisha kilichopo. Hakizushi kitu mahali pasipo na kitu. Nimepitisha hewa tupu mara ishirini, imesoma 0.00 mara ishirini. Wewe ulikuwa na 0.09. Chai ya rangi haina 0.09, Mzee Obeid.

Sijamwambia mtu. Baba peke yake anajua lile kosa, na ameshauri tuwaandikie wateja kwamba vifaa vinahitaji "huduma ya nyongeza", tuvirekebishe kimya kimya. Nimemwambia nitafikiri. Tangu hapo nafikiri, silali vizuri, chakula sikitaki.

Avni


Kihesa
20 Machi 2025

Avni,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na nikaisoma tena nikiwa nimekaa.

Sawa. Ulanzi.

Huko kwenu Mbeya sijui kama mnaujua vizuri. Mwanzi mchanga unakatwa ncha, unatoa maji yake, kikombe kinafungwa chini. Ukiuteka alfajiri ni mtamu, unaitwa mtogwa, tunawapa hata watoto, na hakuna mtu Uheheni anayeuita pombe. Ukikaa na jua unabadilika. Baba mkwe alinikaribisha kopo. Mkwe akishaonja mwenyewe na kukupa, ukikataa umemwambia kwamba humwamini, na yule mzee ana mguu mbovu na alikuwa amenisubiri mwezi mzima. Nikanywa. Ulikuwa mtogwa, naapa.

Kisha tukarudi kutoka shambani saa nne, akatoa dumu la jana yake. Hapo nilijua. Pua yangu ilijua kabla ya mdomo. Nikanywa na hilo, nikajiambia ni kinywaji cha ukweni, hakihesabiwi.

Waliponisimamisha kanisani mchungaji aliuliza, "Mzee Kalinga, ulionja pombe?" Kichwani mwangu nilikuwa na lile kopo la kwanza. Nikasema hapana. Bertha alikuwa amenishika mkono. Nikishasema hapana kwa la kwanza, la pili nikalifunika humo humo.

Nakuomba, na sijazoea kumwomba mtoto. Andika kwamba kifaa kile kilikuwa kibovu. Usiandike namba. Kibovu, basi, vipimo vyake vyote vifutwe. Mimi nitarudi kazini na kiapo changu kitabaki kimesimama. Na wewe hutalazimika kuanika vile thelathini na saba. Kifaa kimoja kuharibika ni jambo la kawaida, hata injini huharibika. Umepona wewe, nimepona mimi. Nani ameumia hapo?

Obeid


Iyunga
23 Machi 2025

Mzee Obeid,

Nilikwisha kuiandika.

Nataka ujue hivyo, usije ukadhani nakuhubiria. Ijumaa baada ya barua yako niliandika "kifaa namba 14 kilikuwa na hitilafu", mistari mitano, nikapiga muhuri. Baba aliisoma akasema ni barua nzuri. Tulikunywa chai. Kwa mara ya kwanza tangu zile katoni za krispi nilikula chakula nikamaliza.

Kisha nikawaza habari ya Sedekia. 0.13 yake kwa haki ni zaidi ya 0.10, yeye bado yuko juu kidogo, na barua ya "kibovu" ingemfutia kosa ambalo ni lake. Wale wenzenu wengine wa 0.11 na 0.12 ni wasafi kwa kikomo, lakini wengine wao walipuliza kifaa namba 9 na namba 20, kwa hiyo barua yangu nzuri haiwagusi. Wangebaki walevi ili mimi nibaki fundi. Na kesho asubuhi vifaa vingine vingeendelea kuwanyang'anya watu funguo huko Mafinga na Makambako. Uliuliza nani ameumia. Hao.

Nimeichana.

Nitakuja Iringa mwenyewe tarehe 28 na barua nyingine. Itasema vifaa vyote thelathini na nane, itasema sababu, na itaweka kila namba ya zamani karibu na namba yake ya haki. Sitasema ulikunywa nini wala wapi, hilo si langu. Lakini namba yako itasomwa mbele ya watu, na katibu wa kikao ni mzee wa kanisa lenu, Saulo ameniambia. Hatahitaji kufafanuliwa.

Una siku tano. Mama Bertha asiisikie kwanza kwenye karatasi yangu. Tafadhali, baba.

Avni


Kihesa
26 Machi 2025

Avni,

Bahasha yako alinikabidhi Bertha mwenyewe. Saulo hakunikuta stendi akaileta nyumbani. Mikono yake ilikuwa na unga wa ngano, hakuuliza inatoka kwa nani.

Nimekaa jikoni jana mara tatu. Mara ya kwanza nikaomba maji. Mara ya pili nikauliza kama mkaa upo. Mara ya tatu nikakaa tu, akanipa maharage nichambue, nikachambua sinia zima, nikatoka. Abiria hamsini na mbili nyuma yangu, ukungu wa Mafinga mbele, sijawahi kuogopa namna ile.

Nimekukasirikia siku mbili. Sasa nimechoka. Njoo na barua yako. Sijui nitafanya nini mpaka hapo.

Obeid


Kihesa
31 Machi 2025

Mwanangu Avni,

Hujambo. Mimi ni Bertha, mke wa Obeid. Ijumaa tulisalimiana mlangoni mwa ofisi lakini ulikuwa unazisoma upya karatasi zako, sikutaka kukuongezea mzigo.

Nianze na langu. Barua yako ya tarehe 23 niliifungua. Niliishikilia juu ya mvuke wa sufuria, nikaisoma, nikaibandika tena kwa uji wa ngano. Ilikuwa bahasha ya nne yenye mwandiko wa kike kutoka Mbeya, na mume wangu alikuwa anazipokea stendi kama mtu anayepokea bangi. Ulitaka niwaze nini? Nilikuwa nimeshakutukana moyoni wiki tatu. Naomba unisamehe.

Habari ya ulanzi haikunishtua. Baba yangu aliniambia wiki ile ile nilipokwenda kumkanda mguu. Alisema, "Mkwe wangu ana heshima, kopo hajaniachia hata moja." Kwa hiyo nilijua tangu Februari. Nilijua kwamba alikunywa, na nilijua kwamba aliapa huku vidole vyake vikiwa ndani ya vyangu. Kunywa kwa baba si kitu, hata mimi nakunywa kwa baba. Nilikuwa nasubiri aniambie. Nilikaa kimya nikidhani kimya kitamvuta, kumbe kilikuwa kinamsukuma. Hilo ni kosa langu, na sitaki abebe yote peke yake.

Alhamisi jioni aliingia jikoni mara ya nne. Nikazima redio, nikakaa mbele yake, nikasema, "Obeid, leo maharage yamekwisha." Akaniambia. Alilia, mwanangu, na mimi sikumbembeleza. Akasema yalikuwa makopo mawili, moja mtogwa na moja kali. Nikasema nimesikia. Nikaenda kulala.

Ya kikaoni uliyaona mwenyewe. Ila baada ya wewe kuondoka, Bwana Marcelino aliwaambia wajumbe kwamba katika kazi yake hajaona fundi akija kujishtaki kwa nauli yake. Madereva watano wamerudishiwa funguo kwa barua, na Obeid yumo. Sedekia na mwingine wa 0.13 wamepewa onyo, maana walizidi kidogo. Nimesikia pia kwamba kampuni mbili zimeondoa vifaa vyao kwenu. Mwambie Mzee Rasik nampa pole, na mwambie ana mtoto.

Jana ndiyo nataka kukuandikia hasa. Obeid aliomba nafasi kabla ya matangazo. Akatoka benchi la nyuma akasimama mbele. Akasema kazi amerudishiwa, lakini aliapa uongo mbele ya Mungu na mbele yao, siku ile mchungaji alipomuuliza. Wanaume wengine waliangalia viatu vyao, kila mtu ana baba mkwe. Mchungaji akasema atakuwa chini ya marudi, yaani adhabu ya kanisa, mpaka Pasaka, uzee utaangaliwa baadaye, kisha akamuuliza kama ana la kuongeza.

Akaniangalia kule upande wa akina mama. Akasema, "Mke wangu nilimwambia makopo mawili. Yalikuwa matatu."

Mwanangu, baba yangu alikuwa ameniambia matatu.

Mchungaji alimruhusu arudi kukaa. Nikachukua kitabu changu cha nyimbo na kitenge changu, nikatoka katikati ya akina mama wakati wimbo umeshaanza, nikaenda kukaa naye benchi la nyuma. Leo alfajiri nimemsindikiza stendi, amepuliza, kimesoma sifuri, na sasa anaondoka na basi la kwanza. Barua hii nampa yeye mwenyewe akuletee.

Mama yako wa Iringa,
Bertha Kalinga